Kama Kuna Anayemdai Marehemu

Kazi yangu ya kwanza ya maana Marekani ilikuwa kufungua bahasha. Ofisi ilikuwa Rockville, katika jengo ambalo upande wetu haukuwa na dirisha hata moja, na kampuni ililipwa kutunza daftari za wenye hisa wa kampuni nyingine. Kila mwaka baridi ikianza kulegea, bahasha zilikuja kwa magunia. Ndani ya kila moja mlikuwa na kadi ya kura: mwenye hisa anachagua wakurugenzi, anatia sahihi, anarudisha. Mimi nilikagua sahihi. Hisa za mume na mke zilitaka sahihi mbili. Mwenye hisa akiwa amekufa, zilitakiwa karatasi za mahakama. Kadi isiyo na sahihi niliitia kwenye trei nyekundu na kura yake haikuhesabiwa, hata kama mwenyewe ameambatanisha barua ya kurasa mbili ya kujieleza.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini na kila mtu alikuwa ananunua hisa: walimu, madereva wa mabasi, hata bwana aliyesafisha vyoo vyetu pale ofisini. Kilichonishangaza ni kwamba watu hao hawakujuana. Mtu yuko mashambani huko, maili elfu moja, ametoa akiba ya maisha yake akaitia katika kampuni ambayo hajawahi kuuona mlango wake, na usiku analala. Hakumwamini mtu yeyote. Aliiamini kadi, na hakimu aliye nyuma ya kadi. Mimi niliwaonea huruma. Nilijiambia, watu gani hawa, hawana hata mmoja wa kumpa pesa mkononi bila kuandikishana? Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyezaliwa Tanga, katika mtaa ambao kila mtu anamjua bibi wa kila mtu.

Kwetu sisi kulikuwa na upatu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wengi wa pwani, kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Tanga, na nesi mmoja Mkenya wa bara aliyekaribishwa kwa sababu alimuuguza mmoja wetu. Kila mwezi kila mtu alitoa fungu lake, na mmoja akazoa zote. Aliyekusanya na kugawa, kijumbe wetu, alikuwa mama wa Pemba aliyekaa Gaithersburg na kulea watoto wa watu nyumbani kwake. Hakuwa na daftari. Mafungu ya watu kumi na wawili, ya miaka saba, yote yalikuwa kichwani mwake, na sikuwahi kusikia amekosea hata dola moja. Zamu pia alizipanga yeye. Alijua nani kafiwa, nani kaachishwa kazi, nani ana aibu ya kusema, na zamu ya mtu huyo ilisogezwa mbele bila mtu kuuliza.

Kisha tukaanza kuweka kiasi cha ziada, dola hamsini kila mtu kila mwezi, zisizogawanywa. Benki tuliiogopa kwa sababu ya riba. Kijumbe alikuwa mkali sana kwa hilo. Lakini hisa, alisema, ni biashara, na biashara ni halali. Aliyempa wazo hilo ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma bei kwenye gazeti, mstari mdogo kama chawa, kwa miwani yake na kidole. Alielewa haraka kuliko wasichana wa chuo waliokuja ofisini kwetu kufanya kazi za likizo.

Basi kabla ya kufungua akaunti niliandika karatasi. Niliipiga kwa kompyuta ya ofisini wakati wa chakula cha mchana, ukurasa mmoja tu. Akaunti iwe kwa jina la kundi. Kuuza chochote kutake sahihi za watu wawili. Kila mwezi kila mmoja apelekewe hesabu kwa posta. Chini nilichora mistari kumi na miwili ya sahihi. Nilijivunia mistari ile. Nilikuwa nimeona kadi elfu nyingi, na nilijua kwa hakika kwamba katika nchi hii jina lako lisipoandikwa, wewe hupo.

Tulikutana Jumapili alasiri sebuleni kwa kijumbe. Niliisoma kwa sauti, nikiwatafsiria. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa rafiki yangu.

Huyu lazima nimweleze. Alitoka Mombasa, alikaa Temple Hills, na alikuwa mhudumu wa wazee, zamu mbili kwa siku, kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha. Tulikuja nchi hii mwaka mmoja. Alikuwa ameacha mabinti wawili kwa mama yake, na maisha yake yote hapa yalikuwa ni kuwaleta. Alipocheka alinipiga begani, na alipiga kwa nguvu.

Siku ile hakucheka. "Shoga," alisema, "hii karatasi yatufanya wezi. Leo tuandikiane, kesho tutahesabiana sukari?"

"Kwetu chama zote ziko na constitution," nesi alisema kwa upole. "Hata kama ni ya kununua sufuria. Si ati hatu-trust mtu."

"Huko kwenu," mtu alijibu.

Kijumbe alikuwa ameketi na mikono mapajani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliumia, na sote tukaona. "Mwanangu," aliniambia, "nimeshika pesa za watu kabla wewe hujazaliwa. Nani kakwambia nimempunja?"

"Hakuna, Bi Mkubwa."

"Tumeamrishwa katika Kurani kuandika deni, najua. Hili si deni. Hili ni letu."

Nikaikunja karatasi mara nne. Nikamwendea, nikamshika mkono nikaubusu, nikaomba radhi. Nitasema ukweli: nilipata ahueni. Nilikuwa nimeshaanza kuonekana kama mtu wa huku, na mkono ule ulinirudisha kwa wenzangu. Tukaletewa kaimati na chai ya tangawizi, na wiki iliyofuata akaunti ikafunguliwa kwa jina lake peke yake, kwa sababu karatasi zake za uhamiaji zilikuwa safi na ndiyo iliyokuwa njia ya haraka. Mimi ndiye niliyemjazia fomu. Palipoulizwa kama kuna mwenye akaunti mwingine niliweka alama kwenye hapana.

Kwa mwaka na nusu nilionekana mjinga na karatasi yangu. Hisa zilipanda, na kijumbe alituambia zimefika ngapi kila Jumapili, kwa kichwa. Rafiki yangu aliweka zaidi ya hamsini. Kila alipopata zamu ya ziada alimpelekea kijumbe kando, mia leo, mia na hamsini kesho, za mabinti. Mara nyingine alinipa mimi nimfikishie. Hakumwambia mwingine yeyote, maana pesa ya kando ya mtu haitangazwi.

Alikuwa amepata uraia, na ombi la mabinti lilikwisha kukubaliwa. Lililobaki lilikuwa ubalozi. Mdogo alikuwa na miaka kumi na sita, hakuwa na haraka. Mkubwa angetimiza ishirini na mmoja mwezi wa tatu. Akishatimiza kabla ya kuingia nchini anahesabiwa mtu mzima, anatolewa kwenye foleni ya watoto na kupelekwa foleni nyingine, ya miaka na miaka. Mshahara wa rafiki yangu haukufikia kiwango cha kuwatunza wote wawili, kwa hiyo ubalozi ulitaka karatasi inayoonyesha akiba, kwa jina lake. Na zilitakiwa ada, vipimo vya daktari, tiketi. Mahojiano yalipangwa mwishoni mwa mwezi wa pili.

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda pamoja kwa kijumbe. Zamu ya kutoa fungu lake la akiba ilikuwa ya rafiki yangu, hilo kijumbe mwenyewe alikuwa amelipitisha. Alisema ndiyo, ya kwako iko tayari, usiwe na wasiwasi. "Lakini zinapanda, mwanangu. Nikiuza leo nawakata wenzio. Ngoja wiki tatu."

Mwezi wa kwanza akasema ngoja Jumatatu mbili. Nilijua kwamba hilo si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja. Kule ofisini mkurugenzi wa kampuni kubwa asingeweza kuchelewesha gawio siku moja bila watu kuuliza. Lakini nilishabusu mkono. Rafiki yangu aliniambia ndani ya gari, akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, "Yule ni kama mama yangu. Akisema Jumatatu ni Jumatatu."

Kijumbe alianguka Ijumaa mchana. Mzazi aliyekuja kuchukua mwanawe alimkuta sakafuni jikoni na mdomo umekwenda upande. Jumamosi alfajiri alifariki.

Msikiti wetu wakati ule ulikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka, zulia limetandikwa juu ya sakafu ya saruji, wanaume mbele na wanawake nyuma, bila pazia. Tulikuwepo sote kumi na mmoja, na nesi alijifunga kitambaa akasimama pembeni. Jeneza liliwekwa mbele. Mwana wa kijumbe, mwanamume pekee katika nyumba yake, alisimama kando ya imamu. Alikuja nchi hii na miaka mitano. Alielewa kila neno la Kiswahili na alijibu kila neno kwa Kiingereza. Alikuwa kijana wa kompyuta, mstaarabu, na siku ile macho yake yalikuwa mekundu.

Imamu alisema yanayosemwa kila msiba wetu. "Kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa familia. Na kama hakuna, basi mumsamehe."

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Baba yangu alipokufa watu wawili walisimama, mmoja akadai bei ya cherehani, akalipwa, na mtaa ukamsema miaka mingi. Rafiki yangu alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Vidole vyake vilinishika juu ya kiwiko. Sikujua kama ananizuia au ananisukuma, na sikugeuka kumtazama. Nilifikiri, si sasa. Nilifikiri, kumdai maiti, mbele ya mwanawe? Na nilifikiri vilevile kwamba hatumdai chochote. Mwenyewe alisema si deni, ni letu.

"Tumemsamehe," sisi kumi na mmoja tukaitika, kwa sauti moja, kama inavyopasa.

Tulingoja siku kumi na nne kwa adabu, na siku hizo kumi na nne hatukuwa nazo. Kisha tukaenda kwa mwanawe, nyumba ileile ya Gaithersburg, sebule ileile. Alitupokea vizuri, akatuletea soda. Alikuwa ameshawaona watu wa akaunti na mwanasheria, na meza ilikuwa imejaa bahasha zenye jina la mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Kiingereza, polepole, ili hata wenye Kiingereza kidogo waelewe.

Alisema akaunti ni ya mama yake peke yake, na kisheria sasa ni ya mirathi, yake na ya dada yake aliyeko Uingereza. Alisema yeye hatuiti waongo. Aliuliza kila mtu aliweka kiasi gani.

Hapo ndipo tulipoaibika. Kila mmoja alitaja alichokumbuka. Kijana alikuwa na kalamu, akaandika, akajumlisha, akajumlisha tena. Jumla yetu ilizidi kilichokuwamo kwenye akaunti, pamoja na faida yote. Akatuonyesha karatasi. Mtu akasema fulani hakutoa miezi ya kiangazi. Fulani akasema alitoa, marehemu ni shahidi wake. Rafiki yangu akataja pesa zake za kando.

"Za kando zipi?" mmoja akauliza. "Sisi hatukuambiwa."

"Mimi nilizifikisha kwa mkono wangu," nilisema.

"Nyote wawili ni marafiki."

"Binti yangu yuaingia ishirini na mmoja mwezi ujao," rafiki yangu alisema. Alikuwa anamwambia kijana, si sisi. "Mamako aliniahidi. Ya kwangu ilikuwa tayari."

"Kila mtu hapa ana mtoto, dada," mwingine alimjibu, na wala hakusema kwa ubaya.

Watu wale walikuwa wameachiana funguo za nyumba kwa miaka saba. Nilikuwa nasikia kila mmoja anavuta pumzi kabla ya kutaja tarakimu yake. Kijumbe hakuwa anashika pesa zetu tu. Imani yetu sisi kwa sisi, ambayo tulijisifia, yeye ndiye aliyekuwa ameishika, na kumbe hatukuwahi kuaminiana, tulimwamini yeye.

Nikafungua mkoba nikatoa karatasi yangu. Sijui nilitegemea nini. Kijana aliikunjua, mikunjo minne, akaisoma yote. Akaikubali kuwa ni nzuri. Alisema kama hii ingekuwa imetiwa sahihi, hata na mama peke yake, asingekuwa na la kusema. Kisha akaniuliza, bila kejeli, akiwa ameweka kidole kwenye mistari, "Auntie, and which one is yours?"

Haikuwa na sahihi yangu. Mimi niliyetupa kadi za watu kwenye trei nyekundu kutwa nzima, sikuwahi kujaza mstari wangu mwenyewe.

"Na msikitini waliuliza," aliongeza. "I was standing right there. Imamu aliuliza, and you said you forgave." Hayo machache ya Kiswahili ndiyo pekee niliyopata kumsikia akiyasema.

Simlaumu. Nimejaribu, sikuweza. Angempa nani, kiasi gani, kwa ushahidi upi? Mwanasheria tuliyemwona Rockville, jirani na mahakama, alitusikiliza kwa dakika kumi, akatwambia kesi ingekula zaidi ya fungu la mtu mmoja, na kwamba swali la kwanza la hakimu litakuwa lilelile la kijana. Nesi alitukopesha alichokuwa nacho. Mimi sikuwa na kitu, changu kilikuwa humohumo. Niliwaomba wawili wa kundi wachange kwa ajili ya yule binti, kisha tutahesabiana. Mmoja alisema ataangalia. Mwingine aliniuliza nani ataandika.

Siku ya mahojiano binti alikwenda ubalozini Nairobi bila karatasi ya akiba. Wakamwambia arudi akiipata. Mwezi wa tatu ukafika. Rafiki yangu alimpigia kwa kadi ya simu, kutoka sebuleni kwangu kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Sauti ya binti ilisikika mpaka nilipokuwa nimekaa. "Mama, si ulisema ziko tayari?" Rafiki yangu alisema ndiyo, nilisema. Akarudia hivyo mara kadhaa, mpaka dakika za kadi zikaisha.

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Yeye ndiye aliyeipinga karatasi, na alilijua hilo. Mimi ndiye niliyejua inahitajika nikaikunja, na alilijua hilo pia. Upatu ulikufa. Tulipokutana harusini tulisalimiana vizuri na kukaa meza mbalimbali.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimepandishwa cheo kidogo pale kazini na nimeweka dola mia nane. Nilimwita rafiki yangu aje Jumamosi mchana. Nikampa bahasha, nikamwambia ni ya binti mdogo, tiketi na ada, asinirudishie mpaka aweze, na asipoweza basi. Alizitoa akazihesabu moja moja mbele yangu. Zamani angeitia bahasha kifuani bila kuifungua na kunipiga begani.

Kisha akatoa kwenye mkoba wake wa kazi daftari dogo, lile la kuandikia dawa za wazee. Akaandika tarehe, kiasi, jina langu na lake, kwa herufi kubwa za kuonekana. Akaandika mara mbili, kurasa mbili. Akanigeuzia na kunipa kalamu.

"Shoga," nilisema, "hata mimi na wewe?"

"Mimi na wewe hasa," alisema. "Sahihi mbili. Si ndivyo ulivyoandika?"

Nikatia sahihi yangu, naye akatia yake. Akachana ukurasa mmoja akanipa, mwingine akauacha ndani ya daftari. Chai ilikuwa mezani, imeshamiminwa. Akavaa koti, akaniaga kwa heshima, akaenda zake bila kuinywa.